Pikipiki Inayopenda Mteremko

Injinia hakuwa injinia. Alikuwa mchora mabango. Ukitaka jina la duka lako liandikwe juu ya mlango, au picha ya mkasi kwenye ukuta wa kinyozi, unamwita yeye, anakuja na ngazi yake na makopo yake ya rangi. Cheo cha uinjinia alikipata nyumbani kwao, siku redio ya mama yake ilipozimika ghafla, naye akaipiga kofi la ubavuni, ikaanza tena kusema. Kwa kuwa ndugu zake wote walikuwa wamesimama wakimtazama, aliona si vizuri kukiri kwamba alikuwa amekasirika tu. Akasema kulikuwa na waya umelegea upande wa kushoto. Tangu hapo hapakuharibika pasi, feni wala bomba la maji pale nyumbani bila yeye kuitwa, na hapakutengenezeka kitu.

Mtu mwingine angejitoa mapema, kwa utani, kabla mambo hayajawa makubwa. Lakini jina lilikuwa tamu, na Injinia alikuwa mdhaifu mbele ya vitu vitamu.

Kisha akanunua pikipiki. Ilikuwa imetumika, na imetumika sawasawa, ila yeye aliangalia umbo tu. Muuzaji alikuwa ameiegesha kwenye mteremko, pua ikitazama chini. Akaipanda, akaiacha iserereke, akaachia klachi, ikaamka. Injinia akadhani ni mbwembwe za biashara, kama kinyozi anavyopiga mkasi hewani kabla hajamgusa mteja. Asubuhi iliyofuata, akiwa nyumbani kwake, alipiga kiki, nayo ikazunguka bila kushika kitu. Akabonyeza swichi ya kuwashia, swichi ikabonyea, basi. Hapo ndipo alipofahamu kwamba amenunua pikipiki isiyowaka mpaka iteremke, na kwamba itambidi achague kati ya kuwaambia watu au kuhamia mlimani.

Hakuwaambia watu. Aliipaka rangi upya, nyekundu yenye michirizi ya dhahabu na maua madogo ubavuni, na ndugu zake wakaibatiza Bibi Harusi, jambo lililomfurahisha mno. Halafu akaanza maisha ya kutafuta miteremko. Akiitwa kazini, kabla hajauliza bango la ukubwa gani, aliuliza nyumba iko upande gani wa kilima. Wateja wa bondeni aliwakwepa, nao wakamwona mtu wa maringo. Na mtu akimwuliza kwa nini anaegesha kule juu, mbali na shughuli, jibu lilikuwa tayari mdomoni: injini za aina hii hazipendi tambarare, oili inajikusanya upande mmoja. Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayejua mengi zaidi lakini hataki kuwachosha wasikilizaji.

Nyumbani kwa baba yake palikuwa na mteremko mzuri kando ya geti, na hapo ndipo alipoegesha kila Jumapili. Hata siku za wageni, mahali pale hapakuwahi kukaa gari wala mkokoteni. Baba aliwaondoa wote, akiwaambia hapo ni pa Injinia. Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi, na Injinia alisikia kichwa kikimvimba kila alipopaona pako wazi. Kama mzee yule amemtengea mwanawe mahali, alijiambia, basi hatimaye ameona kwamba ana mtoto mtu mzima.

Mdogo wake wa mwisho, binti pekee wa nyumba ile, alikuwa amemaliza masomo ya ukunga na kupangiwa zahanati ya upande wa pili wa kilima. Barabara ya kwenda huko ilikuwa ya kokoto na makorongo, kupanda na kushuka, na magari hayakupita alfajiri wala usiku. Mkunga wa kabla yake alikuwa akitegemea magari hayo. Siku moja alichelewa, na mama aliyekuwa akimsubiri hakuweza kusubiri zaidi. Binti alilisimulia hilo mezani bila kupandisha sauti. Kisha akasema anataka pikipiki kabla ya Jumatatu, iliyotumika, maana mpya hawezi, tena iwe ya kuwaka kila inapotakiwa kuwaka. Akamgeukia kaka yake. "Kaka, wewe utakwenda kuniangalizia."

Meza nzima ikamtazama Injinia. Baba aliacha kutafuna.

Hapo palikuwa pa kusema hapana. Neno lenyewe lilikuwa limeshamfika kooni. Alipofungua mdomo likatoka jingine. "Hilo niachie mimi," alisema, akajipakulia tena chakula ambacho hakukitaka.

Siku zilizofuata hakuwa na raha. Kuharibu pasi ya mama ni jambo moja, lakini hii ilikuwa pikipiki ya kumpeleka mdogo wake kwenye korongo gizani, na upande wa pili kuna mtu ana uchungu. Angeweza kwenda kwa makanika akauliza. Ila kuuliza ni kukiri, na makanika wana midomo. Kwa bahati makanika mmoja alikuwa amemwagiza bango la gereji, basi Injinia akapanda ngazi na kuanza kuchora polepole kuliko alivyowahi kuchora maishani. Herufi moja ilimmalizia asubuhi nzima. Chini yake wateja waliingia na kutoka, makanika akiwaelekeza, na yeye huko juu ametega sikio, brashi imemkaukia mkononi.

Aliokota mengi. Kwamba kabla ya yote uishike injini kwa kiganja, uone ni ya moto au ya baridi. Kwamba moshi wa bluu una maana yake na mweusi una yake. Kwamba cheni ivutwe, tairi la mbele litikiswe, na namba iliyogongwa kwenye chesisi ilinganishwe na ile ya kwenye kadi. Shida ni kwamba aliyaokota vipande vipande katikati ya kelele za nyundo, na mara nyingi nusu ya pili ya sentensi ilimezwa na muungurumo. Alijua joto la injini ni jambo kubwa. Hakujua kama ni kubwa kwa wema au kwa ubaya. Tena kwa kuwa akili yote ilikuwa masikioni, pikipiki aliyoichora kwenye bango ilikuwa na bomba la moshi linalotokea mbele. Makanika aliitazama kwa muda, akakohoa, akamshukuru.

Jumamosi wakaenda kuangalia pikipiki ya kwanza. Walikwenda na Bibi Harusi, binti amekaa nyuma na mkoba wake wa pesa kifuani, na Injinia akaegesha juu kabisa ya mtaa, wakateremka kwa miguu. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu mwenye kofia, na pikipiki ilikuwa mbele ya nyumba yake, penye kushuka kuelekea barabarani. Injinia aliizunguka mikono ikiwa nyuma. Alichuchumaa. Aligonga tanki kwa kifundo cha kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, akaweka sikio, akatikisa kichwa kwa kuridhika, ingawa tanki halikuwa limemwambia lolote. Akavuta cheni, ikamchafua vidole, akajifuta kwenye suruali yake nzuri. Kisha akaweka kiganja juu ya injini na kukiondoa haraka.

"Ina joto zuri," alisema.

Muuzaji alifurahi sana. Alisema leo ndiyo amepata mtu anayejua, maana wengine wanakuja wanapiga mateke matairi tu. Injinia, aliyekuwa amebakiza mateke ya matairi kwa mwisho, akauvuta mguu wake nyuma. Mdogo wake alisimama pembeni. Injinia akaomba pikipiki iwashwe ili auone moshi. Kijana akaipanda, akakiondoa kijiti cha kuegeshea, akajisukuma kwa miguu, pikipiki ikaserereka kidogo kuelekea barabarani, akaachia klachi. Ikaruka, ikakohoa, ikawaka.

Ule mchezo Injinia aliujua. Aliucheza kila asubuhi. Katika mambo yote ya pikipiki, hilo peke yake ndilo angeweza kuapa mbele ya hakimu kwamba analielewa, na ndilo ambalo hakuweza kulisema, kwa sababu swali la kwanza lingekuwa umejuaje. Akasimama pale akiuangalia moshi wa bluu ukipanda angani, na akajichukia. Alijiambia atasema wakifika njiani. Akajiambia pengine hii ni nafuu kuliko yake. Mkunga wa zamani alichelewa siku moja tu, sauti ndani yake ikasema, na hilo lilimwumiza zaidi ya yote.

"Kaka yangu," binti alimwambia muuzaji kwa adabu, "tafadhali ishushe mpaka pale barabarani, penye tambarare. Uizime. Ikipoa, uiwashe kwa kiki."

Kijana alivua kofia, akaivaa tena. Akasema haina haja. Akasema injini za aina hii, dada, hazipendi tambarare, oili inajikusanya upande mmoja.

Ilikuwa neno kwa neno. Hata upole wa sauti ulikuwa uleule. Injinia aliinamisha macho, akajikuta anavitazama vidole vyake vyenye grisi. Mdogo wake hakumgeukia. Alimshukuru muuzaji, akamshika kaka yake mkono kama anavyoshikwa mgonjwa aliyetoka kuchomwa sindano, wakaondoka.

Walipanda mtaa. Karibu na Bibi Harusi, binti akaanza kucheka. Alijizuia, akashindwa, akakaa kwenye ukingo wa mtaro akacheka mpaka akafuta machozi. Injinia alisubiri. Alipoona hakuna pa kujificha, akauliza tangu lini anajua.

"Kaka, tangu wiki ya kwanza. Sote tunajua. Unadhani kwa nini tuliiita Bibi Harusi?"

"Kwa ajili ya rangi. Na maua."

"Kwa sababu hatoki bila kusindikizwa."

Injinia alikaa naye kwenye mtaro. Alimwuliza kuhusu baba. Binti akaacha kucheka, akaeleza taratibu. Jumapili moja, zamani, mgeni aliegesha gari kwenye ule mteremko wa getini. Injinia alilazimika kuegesha kwingine, na wakati wa kuondoka akajifanya anatembea kwa afya, akaikokota pikipiki kwenye jua mpaka mwisho wa barabara. Baba alimwona dirishani. Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyeegesha pale, na mtu yeyote nyumbani aliyetaka kulifanyia utani jambo hilo, baba alimtazama tu, yakaisha.

Kwa hiyo ile haikuwa heshima. Au ilikuwa heshima, lakini si ile aliyokuwa akiivimbia kichwa. Injinia alitafuta neno la kuchekesha, akalikosa. Alichokuta kilikuwa aibu, na chini ya aibu palikuwa na kitu kingine, cha kutaka kulia, ambacho aliona kwa siku moja kingezidi.

"Sasa kama unajua, umeniletea nini huku?" aliuliza.

"Nilitaka mtu aliyekwisha kudanganywa," binti alisema. "Mimi sijawahi. Nilidhani ukiona utasema."

Hilo halikuwa la kuchekesha, na hakuna aliyecheka. Injinia alitaka kujitetea, lakini utetezi wote aliokuwa nao ulihusu oili. Akauliza haya mengine ameyajulia wapi, ya injini kupoa na kiki. Mdogo wake akasema alikwenda gereji akamwuliza makanika, naye akamweleza yote kwa kituo, wamekaa wanakunywa chai: injini ukiikuta ya moto, muuzaji ameipasha mapema ili ugonjwa wa kuwaka usionekane. Alimwona pia kaka yake juu ya ngazi, lakini alionekana ana shughuli nyingi na ile herufi.

Pikipiki ya pili ilikuwa ya bwana mmoja wa makamo, mwenye miwani na shati lililopigwa pasi. Uwanja wake ulikuwa wa saruji, tambarare kama meza. Pikipiki ilikuwa nyeusi tii, inang'aa. Injinia alikuwa ameapa kutofungua mdomo, akasimama nyuma ya mdogo wake kama mbeba mizigo. Binti ndiye aliyeweka kiganja kwenye injini, ikawa ya baridi. Muuzaji akapiga kiki, ikawaka kwa pigo la kwanza, sauti laini, moshi haba usio na rangi. Binti alitikisa tairi la mbele, akavuta cheni, akabana breki, akazima taa na kuwasha, akapiga magoti kulinganisha namba ya chesisi na ya kwenye kadi. Kila kitu kilikuwa sawa. Akaipanda akazunguka nayo uwanja, na aliporudi uso wake ulikuwa wa mtoto. Akaanza kufungua mkoba.

Injinia, kwa kukosa kazi, alikuwa ameegemeza mkono kwenye pikipiki, kidole gumba kikipumzika chini ya usukani, pale shingo ya chesisi inapoungana na mwili. Kidole kikaanza kutembea chenyewe, kama kilivyotembea maisha yake yote kwenye kila ukuta, kila bati na kila mlango aliowahi kupewa auchore. Kikasimama. Kikarudi nyuma. Injinia akainama.

Nyeusi ile haikuwa nyeusi moja. Ya kwenye tanki na ya chini kote ilikuwa nyembamba na ngumu, ya kiwandani. Ya shingoni ilikuwa nene, na alipoibana kwa ukucha ikabonyea. Ni rangi ya mageti, alifahamu mara moja, ile ya mafuta, inayong'aa upesi na kukauka kwa uvivu. Yeye mwenyewe alikuwa na kopo lake nyumbani. Imepakwa kwa brashi, na brashi yenyewe ya bei rahisi, kwa sababu unywele mmoja ulikuwa umenasa humo. Mpakaji alikuwa na haraka, akagusa mpaka waya unaopita pembeni. Na chini ya rangi, palipotakiwa kuwa na chuma, palikuwa laini mno. Hakuna chuma kilicho laini hivyo. Huo ni udongo wa kuzibia, uliopigwa msasa, ule ule anaoutumia kuziba nyufa za ukuta kabla hajaandika juu yake KARIBUNI.

Mtu hazibi shingo ya pikipiki kwa sababu ya kutu. Akaiona ile barabara ya kokoto, akamwona mdogo wake akiteremka kwenye korongo, na usukani ukibaki mikononi mwake bila pikipiki. Lakini injini ilikuwa imeimba. Muuzaji alikuwa mtu wa watu. Na yeye alikuwa nani? Mtu wa joto zuri. Mtu aliyegonga tanki akasikiliza. Asubuhi ileile alikuwa na jambo la kweli la kusema akalimeza, na sasa analo jingine, na hana hata jina la kulisimamishia.

"Mdogo wangu, subiri," alisema. "Injini siijui. Sijawahi kuijua, hata ya redio. Lakini hii hapa ni rangi ya mageti."

Muuzaji alitabasamu. Alisema ni kiraka kidogo cha rangi tu, pikipiki zote huchubuka, na akamwuliza binti kwa upole kama huyu bwana ni fundi wa pikipiki. Binti alimtazama kaka yake. Alimtazama kwa muda mrefu, na Injinia aliona anamtafuta yule mtu wa mezani, mtu wa hilo niachie mimi, ili ampuuze. Hakumpata.

"Si fundi wa pikipiki," binti alisema. "Ni fundi wa rangi. Naomba akwangue kidogo."

Muuzaji alisema ataharibu. Binti akafunga mkoba. Hapo muuzaji akanyanyua mabega, akageuka upande. Injinia alitoa mfukoni kile kisu chake butu cha kukwangulia, ambacho hakuachana nacho hata siku za harusi za watu, akaondoa ile nyeusi, akaondoa udongo wa kijivu chini yake, taratibu, kwa mkono uliotulia kabisa. Kilichotokea kilikuwa mshono wa kuchomelea, wenye matuta, uliozunguka shingo nzima kama kovu. Shingo ilikuwa imekatika, ikaunganishwa.

Mwenye miwani hakubisha. Alisema shemeji yake alianguka nayo, na kwamba tangu hapo imetembea bila tatizo. Huenda ni kweli. Binti alimrudishia kadi, akaukumbatia mkoba kifuani.

Nje ya geti alimshika kaka yake mkono tena. Safari hii alimshika yeye kama mtu anayehitaji kushikiliwa.

Waliipata ya tatu jioni ile, kwa fundi bomba aliyekuwa anaacha kuendesha kwa sababu ya mgongo. Ilikuwa mbaya kwa sura. Tanki limebonyea, kiti kimeshonwa kwa uzi wa kiatu, rangi imechubuka kila mahali, na kila mchubuko ulikuwa na maelezo yake, ambayo fundi bomba aliyatoa bila kuulizwa. Binti aliikagua injini. Injinia aliikagua rangi, kutoka mwanzo hadi mwisho, akilala chali chini ya pikipiki, akatoka na kusema rangi yote ni ya umri mmoja na haifichi kitu. Ikanunuliwa. Njiani alimwomba mdogo wake ampe siku moja tu, aipake bluu, na labda ndege mdogo ubavuni.

"Usiiguse," binti alisema.

Jumapili, watu wote wakiwa nyumbani kwa wazazi, Injinia alifika akaukuta mteremko wa getini uko wazi kama kawaida. Baba amesimama kando yake, ametoka kumwondoa mtu wa mkokoteni. Injinia alimsalimu. Kisha akaupita mteremko, akaingia mpaka mbele ya mlango, penye tambarare tupu, akamwegesha Bibi Harusi hapo, akazima.

Mama alichungulia kutoka jikoni. Baba aliitazama pikipiki, akautazama mteremko wake, akamtazama mwanawe kwa wasiwasi wa kweli.

"Hapo utaondokaje?" aliuliza.

"Nitaomba nisukumwe, baba."

Mzee alikubali kwa kichwa, akaingia ndani. Chakula kililiwa, feni ya ukutani ilikuwa imesimama, mama akamwita mwanawe aje aitazame. Injinia akasema feni hazijui, aitwe fundi. Mama aliduwaa, halafu akasema haya, kana kwamba ameambiwa kwamba mvua itanyesha.

Jua lilipopungua, binti, sasa Mkunga, aliitoa ile pikipiki yake mbaya. Kesho alikuwa anaanza kazi, na alitaka kulala karibu na zahanati. Alipiga kiki mara moja pale pale kwenye tambarare, ikawaka. Akawaaga wote, akamwangalia kaka yake kidogo zaidi ya wengine, akaondoka, na walisimama getini wakiisikiliza sauti yake ikipanda kilima bila kukatika, mpaka ikavuka upande wa pili.

Ikabaki zamu ya Injinia. Alimpanda Bibi Harusi na maua yake yote, akashika usukani, akatazama mbele, maana kutazama nyuma hakuweza. Alisikia viatu vya baba vikija juu ya kokoto. Mikono ya mzee ikashika chini ya kiti, ikajiweka sawa. Injinia akatia gia.

"Ya pili," baba alisema nyuma yake. "Ukianza na ya kwanza huwa inakushtua."

Injinia akatia ya pili, na mzee akaanza kusukuma.